Mtoto wa Nne Nyumbani kwa Mama Chali

Mtaani walimwita Mama Chali, na kama jina hilo lilimuudhi, hakuwahi kuonyesha. Lilitokana na kazi yake. Alilea watoto wachanga nyumbani kwake, wale ambao mama zao wamemaliza likizo ya uzazi na hawana wa kuwaachia, na katika nyumba ile mtoto hulazwa chali, basi. Si kifudifudi, si ubavu, wala si juu ya mto uliofumwa na shangazi kwa mapenzi. Mama akija na mto, anaondoka nao. Akija na blanketi la manyoya, linakunjwa na kuwekwa juu ya kabati mpaka jioni. Watani wa mtaa walisema hata mumewe analazwa chali na kukaguliwa pumzi, na mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, hakukanusha. Aliona ni sifa kujulikana kwamba anatunzwa.

Watu waliona usafi wa nyumba ile, wakaona watoto wanavyonawiri. Kifungo hawakukiona. Kanuni za leseni zilisema mtoto wa chini ya mwaka asitoke machoni pa mlezi, awe macho au awe usingizini. Wapo wanaosoma maneno kama hayo, wakatia sahihi, wakaendelea na mambo yao. Mama Chali aliyachukua kama yalivyo. Tangu mtoto wa kwanza aletwe asubuhi mpaka wa mwisho achukuliwe jioni, hakuvuka kizingiti. Muuza mboga alimpitishia mafungu dirishani. Msalani aliingia mlango ukiwa wazi, akiimba kwa sauti ili watoto wamsikie na mzee wake akae mbali. Jirani akifiwa, mzee ndiye aliyepeleka pole. Mashoga zake waliacha kumwalika matembezini, na miaka ilivyokwenda wakaacha hata kumsimulia walikokuwa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele. Dirisha moja lenye nondo, linalotazama barabara hadi nyumba ya kona. Vitanda vitatu vidogo vya mbao vilivyoachana urefu wa mkono, mkeka wa kuchezea, meza ya chupa, na kiti kimoja ambacho Mama Chali aliujua mgongo wake kuliko alivyoujua wa mumewe. Mkaguzi alipima sakafu kwa futi ya utepe, akaona mlezi ni mmoja, akaandika watoto watatu, na leseni ikatundikwa ukutani juu ya meza. Watatu ni watatu. Mama Chali alishawahi kumrudisha mlangoni mpwa wake mwenyewe na mtoto mgongoni, na mpwa huyo hajamsamehe mpaka leo.

Wakati wa habari hii, watatu hao walikuwa mapacha wa mama anayefanya usafi hospitali, na Kijiko. Kijiko alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, kiumbe cha kuonewa huruma, shingo nyembamba, macho makubwa. Hakuweza chupa. Mlezi wake wa kwanza alikuwa na haraka, akampa chupa hivyo hivyo, maziwa yakampalia, akabadilika rangi. Mama yake, fundi cherehani asiye na ndugu mjini, alimleta kwa Mama Chali. Mama Chali akachukua kijiko cha chai, akamkalisha mtoto mapajani, akamlisha tone kwa tone mpaka kikombe kikaisha na mchana nao ukaisha. Tangu siku hiyo mtoto akapata jina na mlezi wake akapata kazi isiyo na mapumziko.

Basi binti yake Mama Chali akajifungua.

Binti aliishi hapo hapo nyumbani, akiuza petroli kwenye kituo cha mafuta. Baba wa mtoto alikuwa amezima simu tangu mimba ilipoanza kuonekana, na hatuna haja ya kumtaja tena. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kiume, mnene, mashavu yamejaa, mikunjo ya mafuta mikononi. Wakamwita Bonge. Alimchekea kila mtu. Ungempa mlango angeuchekea. Mama Chali alikuwa amelea watoto wa watu tangu nywele zake nyeusi, akawazoea, wakachukuliwa, wakakua, wakampita barabarani bila kumtambua. Huyu hachukuliwi na mtu jioni. Alimpenda mpaka akaona haya, akawa anamnusa shingoni akidhani haonekani.

Likizo ya uzazi ikaisha. Binti akarudi kwenye pampu zake, na Bonge akabaki nyumbani. Angebaki wapi kwingine? Mama Chali, ambaye angeweza kukusomea kanuni zote bila kuangalia popote, alijitia hamnazo. Alijiambia kwamba kanuni ni za kituo, na kituo ni chumba cha mbele. Bonge yuko sebuleni, kwa babu yake, kwao. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alijiambia kwa maneno mengi zaidi.

Mkaguzi akaja bila taarifa, kama kawaida ya wakaguzi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye adabu na viatu visivyo na sauti. Akaangalia vitanda, akanusa chupa, akamtekenya Kijiko, akaridhika. Kisha akatupa jicho sebuleni.

"Mama, na huyu ni nani?"

"Huyo si wa kituo, mwanangu. Mjukuu wangu. Yuko kwao."

"Hongera, mama. Ana miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mama yake?"

"Kazini."

Mkaguzi akavuta kile kiti kimoja akakaa, na hiyo haikuwa dalili nzuri. "Basi wako wanne. Saa za kazi, mtoto yeyote wa chini ya mwaka aliye ndani ya nyumba hii bila mama yake anahesabiwa. Awe wa watu, awe wa damu yako."

"Lakini babu yake ndiye anayemlea."

Wakamtazama babu. Babu alikuwa kwenye kochi, kichwa nyuma, mdomo wazi, anakoroma. Bonge alikuwa juu ya kifua chake, kifudifudi, pua imezama kwenye shati, naye yuko usingizini. Kifudifudi! Kwa Mama Chali! Alimnyakua mtoto kwa kasi mpaka mzee akaamka akitafuta breki kwa mguu.

Mkaguzi hakucheka. "Leo sikuandiki," alisema taratibu. "Nitarudi wiki ijayo, nikute watatu. Nikikuta wanne nitaishusha ile leseni kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaki, mama. Nyumba yako ndiyo ninayowatajia walezi wengine."

Angemkemea ingekuwa afadhali. Mtu akikukemea unaweza kumkasirikia.

Jioni hiyo kukawa na kikao cha familia, kama unaweza kuita kikao mahali ambapo kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Mzee alitaka ukuta wa sebule ubomolewe chumba kiwe kikubwa. Mkewe alimuuliza ukuta ni wa nani, wao au wa mwenye nyumba. Mzee akasema basi na yeye asomee ulezi, apimwe afya, wawe walezi wawili.

"Sakafu, mzee. Hata tuwe walezi kumi, sakafu ni ile ile. Halafu wewe unasinzia."

"Mimi? Nimeendesha lori maisha yangu yote, sijawahi kusinzia hata siku moja."

"Lori si mtoto. Ukipatwa na joto la mtoto wewe unalala kabla yake."

Binti kuacha kazi hakukuwezekana, maana nyuma yake kulikuwa na foleni ya wasichana wanaoisubiri ile sare. Kuwatoa mapacha nako hakukuwezekana. Mapacha hawakatwi katikati, na wakiondoka wote wawili, pango la nyumba linaondoka nao. Akabaki Kijiko. Hakuna aliyelitaja jina, ila wote waligeukia mlango wa chumba cha mbele, na Mama Chali akajua wamefika hapo hapo alipofika yeye.

Kesho yake fundi cherehani alipokuja kumchukua mwanawe, Mama Chali alimngojea mlangoni. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, mazuri, yasiyoumiza.

"Mwanangu, kuna jambo nataka tuzungumze."

"Ngoja kwanza mimi nikwambie, mama!" Fundi alikuwa anacheka, uzi umemnata begani. "Si nilimpeleka kliniki juzi? Ameongezeka uzito! Wamenipongeza pale mpaka nikaona aibu. Nikawaambia pongezi zina mwenyewe, yuko nyumbani na kijiko chake. Haya, jambo gani?"

Mama Chali alimtoa ule uzi begani. "Nepi," alisema. "Uongeze nepi mbili. Anachafua sana siku hizi."

Basi ikawa hivyo. Njia zote zilikuwa zimezibwa, isipokuwa ile moja ambayo hakutaka hata kuitazama. Kijiko mikononi mwa mlezi mwenye haraka angekufa, na hilo si neno la kutia chumvi. Mapacha walikuwa chakula na paa. Bonge alikuwa mzima, mnene, mcheshi, mtoto wa kukubalika popote. Kwa hesabu yoyote ya haki, anayepaswa kutoka nyumbani kwa Mama Chali ni mjukuu wa Mama Chali.

Alipomweleza binti yake, binti alilia kwanza, kisha akapandwa na hasira.

"Yaani wewe ulee watoto wa watu humu ndani, na wa kwako nikamtafutie mtu baki? Hii kanuni ina akili kweli? Hivi ni nani huyo aliyekaa akafikiria kwamba mjukuu naye ahesabiwe? Nani?"

Mzee alitazama dari kwa makini, kama kwamba imeanza kuvuja. Mama Chali alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Maana aliyefikiria alikuwa yeye.

Miaka ya nyuma, kabla kanuni hazijapitishwa, maofisa waliwaita walezi wote kwenye ukumbi wa manispaa, wakawapa chai na biskuti, wakawasomea rasimu na kuomba maoni. Wengi walikula biskuti. Mama Chali alinyoosha mkono. Alisimama akasema kwamba mtoto ni mtoto, kwamba mikono ya mlezi ni miwili tu, na kwamba mlezi mwenye wajukuu wake ndani akiwaacha nje ya hesabu, watoto wa watu ndio watakaolia njaa. Wajukuu nao wahesabiwe! Ukumbi ulipiga makofi. Ofisa mmoja aliandika haraka haraka. Na kila alichosema kilikuwa kweli, hilo ndilo linalokera. Lakini alipokuwa akisema, macho yake hayakuwa kwa maofisa. Yalikuwa safu ya tatu, kwa Mama Kona, mlezi wa ile nyumba ya kona, ambaye wakati huo alikuwa akimchukulia wateja, na ambaye alikuwa amekaa na mjukuu wake wa kike mapajani. Kanuni zilipotoka, mjukuu huyo hakuonekana tena pale kona. Mama Chali aliliona hilo kupitia dirisha lake, na chai ya siku hiyo ilikuwa tamu.

Na sasa, katika walezi wote wenye leseni waliokuwa karibu, mwenye nafasi ya mtoto mchanga alikuwa mmoja. Mtoto mmoja aliyelelewa kwa Mama Kona alikuwa ametimiza mwaka, akatoka kwenye hesabu.

Alikwenda Jumapili, siku ambayo hakuwa na mtoto wa mtu. Alimbeba Bonge yeye mwenyewe. Barabara ile fupi aliyokuwa akiitazama kila siku ilimchosha miguu.

"Hodi."

"Karibu." Mama Kona alimtazama juu mpaka chini, kisha akamtazama mtoto. "Umenifuata mwenyewe."

"Nimekufuata."

"Basi kaa. Usisimame kama mdai."

Nyumba ilikuwa safi, na hilo nalo lilimkera Mama Chali, aliyekuwa ameombea moyoni apate sababu ya kurudi naye. Vitanda havikuwa na mito. Chupa zilifunikwa. Bonge, msaliti mdogo, alikuwa ameshaanza kumchekea mwenye nyumba.

"Nafasi ipo," Mama Kona alisema. "Habari zako zilishafika. Mtaa huu hauna siri."

Kisha Mama Chali akauliza, kwa sababu asingeweza kuondoka bila kuuliza, "Wako alikuwa na miezi mingapi?"

"Tisa. Alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika hiyo meza hapo mbele yako."

"Akaenda wapi?"

"Kwa bibi yake mwingine, upande wa mama. Mbali. Sasa ni msichana mkubwa. Likizo huletwa kunisalimia." Mama Kona alinyoosha mikono kumpokea Bonge. "Ana adabu sana. Ananisalimia, anauliza akae wapi."

Mama Chali akamwachia mtoto.

"Analalaje?" Mama Kona aliuliza.

"Chali."

"Chali najua, dada. Nauliza anapenda kuimbiwa au kunyamaziwa."

"Kuimbiwa," Mama Chali alisema.

Kuanzia Jumatatu binti akawa anampitisha Bonge pale kona akienda kazini. Mkaguzi alirudi, akahesabu watatu, akamshukuru, akaondoka, na leseni ikabaki ukutani ikimtazama mwenye nayo. Mama Chali alikigeuza kiti chake kielekee dirishani. Kutoka hapo aliona mlango wa kona na kipande cha kibaraza. Alimlisha Kijiko tone kwa tone na jicho moja kibarazani. Siku zisizo na upepo alisikia kilio, na kilio cha Bonge alikijua hata kikichanganyika na vingine. Hiki ni cha njaa. Hiki ni cha usingizi. Hiki ni cha nepi, mbona hawabadilishi? Alisimama, akafika mlangoni, akashika kitasa. Nyuma yake mapacha wamelala, Kijiko ana kikombe nusu. Hatua chache tu, angekwenda na kurudi kabla mapacha hawajageuza shingo. Akaachia kitasa, akarudi kukaa. Hilo lilitokea mara nyingi kuliko alivyomwambia mzee.

Binti akiwa na zamu ya jioni, Mama Kona, ambaye watoto wake huchukuliwa mapema, ndiye aliyemleta Bonge mpaka mlangoni. Hiyo ndiyo saa ambayo Mama Chali aliishi kwa ajili yake. Mtoto alimtupia mikono akicheka, naye alimnusa shingoni waziwazi sasa, bila haya. Alijifariji kwamba hakuna lililopotea. Huyu humchekea kila mtu.

Lakini watoto hukua, na mlezi wa miaka mingi kama yeye hakuhitaji kuambiwa. Ukifika mwezi wa nane, wa tisa hivi, mtoto huacha kuchekea kila mtu. Anaanza kuchagua watu wake. Mama Chali alishawaona akina mama wengi pale pale mlangoni pake, wametoka kazini na uchovu wao, wanamnyooshea mtoto mikono na mtoto anageuka kumshika mlezi nguo. Aliwapigapiga begani akawaambia maneno yale yale: usijali mwanangu, si wewe, ni umri tu, atazoea. Alikuwa akiyasema kwa upole, na ndani yake, tuseme ukweli, kwa raha kidogo.

Jioni moja fundi cherehani alichelewa. Mapacha walikuwa wameshaondoka, Kijiko yuko mkekani, kalala chali anachezea vidole vyake. Mama Kona akapiga hodi na Bonge kiunoni.

"Njoo kwa bibi!" Mama Chali alimchukua.

Bonge alimtazama usoni. Akatazama dirisha, akatazama kiti, kama mtu anayekumbuka mahali pasipomfurahisha. Midomo ikaanza kutetemeka. Kisha akageuza mwili mzima, mnene ule, akamnyooshea Mama Kona mikono yote miwili na kupiga kelele ambayo Mama Chali hakuwa ameijua kati ya vilio vyote alivyovijua.

"Ana usingizi," Mama Kona alisema upesi.

"Ee. Ana usingizi."

Akamwimbia. Akampeleka dirishani. Akampigapiga mgongo. Mtoto alizidi, akawa mwekundu, akawa anajinyonga mikononi mwake akitafuta mlango. Mama Kona alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono ameifunga nyuma kwa nguvu, kama anayeogopa itamponyoka.

"Tembea naye mpaka pale kona na mimi," alisema. "Akiona tunakwenda wote atanyamaza. Ni hatua mbili."

Mama Chali alinyanyua mguu. Nyuma yake, mkekani, Kijiko alikohoa kidogo.

Mguu ukarudi chini.

"Siwezi," alisema. "Nina mtoto ndani."

Walitazamana juu ya kile kilio. Katika uso wa Mama Kona hakukuwa na ushindi, na Mama Chali alikuwa ameutafuta, maana angeuona angepata pa kushika. Mtoto alikuwa anakaukiwa na pumzi. Mtoto ni mtoto, na anayelia hivyo hupewa anayemtaka, hata yeye angemwambia hivyo mama yeyote.

"Mchukue," alisema. "Mchukue tena. Ukae naye mpaka mama yake atoke kazini."

Bonge alinyamaza kabla hajafika begani. Alipiga kwikwi mara moja, akaulaza uso wake shingoni kwa Mama Kona, akafumba macho. Mama Kona alitaka kusema kitu.

"Usijali," Mama Chali alimwahi. "Ni umri tu. Nitazoea."

Aliwatazama kupitia nondo za dirisha mpaka mlango wa kona ukafungwa. Kisha akanawa mikono, akachukua kikombe, akamkalisha Kijiko mapajani. Kijiko alifungua mdomo mapema, kabla kijiko hakijafika.